Mshale Mdogo wa Papa Hilaire

Siku ile mjinga alikuwa Hilaire, na hakuna haja ya kutafuta shahidi. Habari aliitawanya mwenyewe, kutoka Bihambwe mpaka Muheto, kwa kuogopa wengine wataiharibu kwa kuifupisha.

Hilaire alifundisha fizikia. Kazi yake ya pili, isiyo na mshahara, ilikuwa kutania watu. Mambo ya kompyuta alijifunzia Goma, miaka ile vita vilipomtoa kwenye mlima wake akaishi kwa kupiga fotokopi kando ya soko. Kwa hiyo shule ilipopata mashini yake ya kwanza, inayokula umeme wa jua, prefe Léopold, mkuu wa shule, alimwomba awaeleze walimu wenzake wa sayansi yale maneno ya kwenye kioo. Hilaire aliingia labo ameshika chaki kama askofu na fimbo yake.

Na haki yake apewe, alianza vizuri. Aliwaambia kwamba kumbukumbu ya kazi ni kikwembe cha mama anayechambua maharagwe: kilicho mapajani anakishika upesi, lakini akisimama ghafla, yaani umeme ukikatika, yote chini. Diski ni gunia la ghalani. Na kubonyeza "enregistrer", yaani kuhifadhi, ni kumimina maharagwe guniani kabla hujasimama. Walimu walicheka, wakaelewa, na Hilaire akanenepa palepale.

Ndipo Adelaïde, mwalimu wa biolojia, alipoweka kidole kwenye kioo. Kale kamushale kadogo, pembeni ya picha ya dossier yake, faili la maombi ya shule, kalikuwa na maana gani?

Hilaire hakujua. Mtu mwenye akili angesema hajui, akaenda kunywa chai.

"Hako kamushale, Mama Adelaïde," alisema, "kanaonyesha kama document iko tayari kwa safari."

Jibu lilimpendeza hata yeye mwenyewe. Mwalimu wa kemia aliliandika.

Sasa dossier hiyo haikuwa mchezo. Shule ilikuwa na mikroskopi moja, yenye ufa kwenye lenzi, na wanafunzi wengi walimaliza masomo wakiamini kwamba kila seli ya kitunguu imepigwa mstari katikati. Shirika moja lilikuwa na mikroskopi tatu mpya za kuipa shule moja tu, ile itakayoonyesha vizuri itazifanyia nini. Adelaïde alikuwa ametumia likizo yake yote kuandika mipango ya masomo, kuchora, kupiga picha za wanafunzi wamepanga mstari mbele ya ule ufa. Kazi yote ilikuwa ndani ya ile mashini, na Hilaire akajitolea kuipeleka Sake, mahali shirika lilipokuwa likipokea.

Alivuta ile picha yenye mshale, akaitupa kwenye flashi. Ikaingia kabla hajakohoa. Adelaïde akashangaa picha nyingi namna ile zimeingiaje upesi hivyo, na Hilaire akamjibu kwamba hiyo njo faida ya mshale.

Alipanda pikipiki chini ya mvua, flashi ikining'inia shingoni pamoja na rozari. Sake alikuta foleni, na mbele yake Gustave, mwalimu kutoka Walikale, aliyebeba dossier ya kuandikwa kwa mkono, imefungwa plastiki mara mbili kwa ajili ya maji ya msituni. Hilaire alimfanya kuwa burudani ya asubuhi. Alimuuliza kama karatasi hizo alizipika mwenyewe, na kama Walikale bado wanahesabu kwa vidole. Gustave alitabasamu tu, akatoa dossier yake, ikapokelewa.

Kisha zamu ya Hilaire. Mama wa ofisi, Joséphine-Marie, alichomeka flashi, akabonyeza. Mashini ikasema haioni kitu. Hilaire akamwomba abonyeze kwa nguvu. Haikuona kitu kwa nguvu. Akamwonyesha mshale, akamweleza habari ya safari, na ofisi nzima ikasogea ili isikie vizuri.

"Papa," Joséphine-Marie alisema polepole, "hii ni raccourci. Inaonyesha tu njia ya kufika kwa document. Document yenyewe iko ku mashini yenu, kule mulimani. Umetuletea njia."

Gustave alimgusa begani, akamuuliza kwa upole kama anataka kuazimwa karatasi.

Akapewa mpaka Alhamisi. Ikipita, mikroskopi zitaenda Walikale.

Jioni, katika labo, Hilaire alilaumu kwanza flashi, halafu mvua, halafu mashini ya Sake ambayo, alisema, ilikuwa na majivuno. Kisha akaishiwa na watu wa kulaumu, akaeleza yote kama yalivyokuwa, hata maneno ya Gustave, na mwenyewe akacheka mpaka akakalia chaki. Adelaïde hakucheka. Alifungua gunia lenyewe, yaani diski ya ile mashini, akatoa dossier yenyewe, akaisubiri iingie kwenye flashi polepole kama mtu anayehamisha nyumba. Akaenda kuifungulia kwenye mashini ya paroisi, kwa mapadre, ili kuhakikisha. Ikafunguka, picha zote.

Ikabaki swali la nani ataipeleka. Hilaire alisimama kujitetea. Barabara imeoza, alisema, na mwanamke peke yake itamsumbua. Askari wa barieri za barabarani wameshamzoea yeye. Mlango wa ofisi anaujua, na Joséphine-Marie hawezi kumsahau tena. Prefe Léopold alianza kutikisa kichwa kukubali.

"Njo maana ninasema niende mimi," Hilaire alimalizia. "Mimi njo najua njia."

Adelaïde alikuwa amekwisha kuvaa flashi shingoni.

"Njia ulisha kuipeleka, Papa Hilaire. Sasa acha mimi nipeleke document."