Panga Mikokoni

Adila na mtafiti mwenzake Mikdad walikuwa wamelaza fremu ya chuma kwenye tope la mikoko ya Mlingotini, wakihesabu aina za kaa na konokono waliokuwa ndani yake, wakata miti wa magendo walipowavamia.

"Mmekuja kutupeleleza!" mmoja alifoka, akampiga Mikdad panga la bega.

"Tunahesabu kaa, jamani!" Adila alilia.

Panga likainuliwa tena. Adila akaing'oa fremu topeni, akampiga nayo yule mtu usoni mpaka akaanguka. Wenzake wakatimua mbio.

Mikdad alipona, ila mkono wake haukunyanyuka tena. Yule mkata miti alipoteza jicho. Polisi walisema Adila alijitetea, lakini hakufarijika. Kila akifumba macho aliusikia mfupa wa uso wa yule mtu ukivunjika.