Addaru Iliyorudi

Mwaka ule makarani wa hekalu hapa mjini Sippar waliuandika kwa mstari mmoja kwenye bamba la udongo: mwaka wenye miezi miwili ya Addaru. Habari zangu hawakuziandika, basi nazisema mimi, Inbaya.

Baba aliapa mbele ya mashahidi kwamba mchumba wangu Rimut asiporudi na mahari kabla Addaru, mwezi wa mwisho wa mwaka, haujaisha, nitaolewa na Shulaya, mpika pombe mwenye meno manne. Mwezi ukaisha, Rimut hakuonekana. Alfajiri nikakaa kando ya mfereji nikitazama ukungu, na kila kitu kilielea kama ndotoni, hata punda wetu.

Asubuhi hiyohiyo Shulaya akaja, kajipaka mafuta ya ufuta mpaka masikioni.

"Baba mkwe, mwezi umekwisha," akamwambia Baba, aliyekuwa mdogo kwake.

Hapo mpiga mbiu akapita. Mfalme ameona shayiri bado mbichi, mwaka mpya usubiri, Addaru ihesabiwe upya.

"Babu, umesikia?" nikamwambia Shulaya. "Mwezi haujaisha. Kaoge."

"Hii ni hila."

"Kamwambie mfalme," Baba akasema. Kiapo kwake kilikuwa kiapo.

Siku zile zilipita kama zisizo na mwenyewe, nyepesi kama pamba ya mtete. Siku ya ishirini Rimut akatoka ukunguni na kondoo sita wa mahari, tope magotini.

Makarani husema mwezi ule uliongezwa kwa ajili ya shayiri. Nawaacha waamini hivyo.