Ndoo Kwenye Mstari wa Kura

Siku ya arobaini na moja ya eda yake, Mastura alikuwa amekwisha kufagia chumba mara tatu na jua bado halijafika dirishani. Taka hazikuwapo. Alifagia kwa sababu miguu ilikataa kukaa, na chumba cha eda hakina safari ndefu zaidi ya kutoka kitandani hadi mlangoni. Bi Moza, somo yake aliyemfunda tangu alipokuwa mwali na ambaye sasa ndiye aliyemsimamia eda, alimtazama kutoka mkekani, tasbihi mkononi.

"Mwanangu, sakafu hiyo utaitoboa."

"Bora niitoboe, Somo. Nitatokea upande wa pili."

Bi Moza hakucheka. Alikuwa mtu mwema, lakini kucheka na mjane kwake kulikuwa sawa na kula mchana wa Ramadhani.

Shida yenyewe ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kubeba. Mwaka ule wa tisini na tisa kijiji cha Mtingi kilikuwa kinachagua mwenyekiti, na Mastura alikuwa ameomba kugombea. Fomu aliijaza pamoja na mumewe, Bakari seremala, wamekaa kizingitini, Bakari akimtania kwamba sasa itambidi apige hodi akitaka kuingia nyumbani kwake mwenyewe. Siku tatu baadaye homa ikampanda, na ya nne wakamzika. Mastura alimlilia kama mke anavyomlilia mume, na Mungu ni shahidi kwamba katikati ya kilio alimkasirikia pia. Wiki zote alizojaliwa duniani, aje achague ile!

Leo saa nne asubuhi tawi la chama lilikuwa linakutana kuteua mgombea wake. Mtingi ilikuwa hivyo: mwenye kupita tawini amepita, na uchaguzi wenyewe wa Novemba ulikuwa ni kunawa mikono tu baada ya chakula kuliwa. Walioomba walikuwa wawili, yeye na Twalib, mdogo wake marehemu.

Twalib hakuwa shetani, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi Mastura. Shetani ungemtukana ukapumua. Twalib kila siku tangu msiba alileta unga, samaki na mafuta ya taa, akaviweka nje ya mlango na kukohoa kwa adabu. "Shemeji, wewe tulia," angesema. "Tulia tu. Mambo ya nje tuachie sisi." Neno hilo tulia lilikuwa limemchosha Mastura kuliko kilio, maana miongoni mwa mambo ya nje ulikuwamo uwanda wa chumvi.

Uwanda ule, nyuma ya mikoko, ndiko wanawake wa Mtingi walikokwangua udongo kiangazi chote, wakauchuja na kuuchemsha mpaka chumvi ikabaki chunguni. Hapakuwa na mwanamke kijijini ambaye daftari za wanawe hazikutoka kwenye chungu kile. Sasa biashara ilikuwa huria na kila mwenye gari aliitwa mwekezaji. Mmoja wao alikuwa amekuja mara mbili kuutazama uwanda; alitaka kuchimba mabwawa ya kufugia kambamiti, na karatasi zake zilikuwa zinangoja sahihi ya mwenyekiti mpya. Mara zote mbili Twalib alizunguka naye ndani ya gari. Mastura alikuwa amekaa miaka mitano kwenye halmashauri ya kijiji, akajua vizuri jinsi sahihi zinavyotiwa: wageni wanafika, wajumbe wanawake wanaombwa wakaangalie pilau, na pilau linapoiva jambo limekwisha.

Ruhusa ya kutoka alikuwa ameiomba tangu juzi.

"Mjane hutoka mchana kwa haja, Somo. Hata shehe kasema."

"Haja ni dawa. Haja ni chakula, kama huna wa kukuletea. Uenyekiti umekuwa haja tangu lini?"

"Haja ni lile jambo ambalo hakuna atakayekufanyia."

Bi Moza alirudi kwenye tasbihi yake, na mazungumzo yakaishia hapo, juzi, jana na leo asubuhi.

Saa tatu na nusu mlango wa uani ukapigwa hodi. Alikuwa Brigita, jirani, Mmakonde wa Newala aliyekuja pwani na mumewe kufuata korosho, korosho zikamshinda, chumvi ikambakisha. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya bonde.

"Shikamoo, Bi Moza."

"Marahaba."

"Mastura, nipe ndoo yako."

"Ya nini? Maji ninayo."

"Si ya maji. Inakwenda kugombea."

Mtingi kulikuwa na kisima kimoja tu cha maji matamu, na kilijaa polepole kama mtu anayehesabu. Kwa hiyo wanawake hawakusimama. Kila mmoja aliiacha ndoo yake kwenye mstari akaenda zake chumvini au shambani, na ndoo ilisogezwa na waliobaki mpaka zamu yake ifike. Kuiruka ndoo ya mwenzio ilikuwa ni kumruka yeye mwenyewe. Mwanamke mmoja aliwahi kufanya hivyo, na siku ya harusi ya bintiye hakuna aliyekwenda kumsaidia hata kuchambua mchele.

"Kisimani ndoo ya mtu ni mtu," alisema Brigita. "Na kule tawini ni kupanga mstari vilevile. Basi?"

Mastura alicheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu, cha kwanza baada ya siku arobaini na moja, akajiziba mdomo na kuona haya mbele ya shati la marehemu lililokuwa bado limetundikwa ukutani. Kisha akaichukua ndoo yake, ile ya bati yenye mshikio wa waya ambayo kijiji kizima kiliijua, akaitoa nje.

Mkutano ulikuwa uwanjani mbele ya ghala la ushirika, nyumba tatu kutoka pale. Ushirika wenyewe ulikuwa umekufa, ghala likabaki na popo. Utaratibu ulijulikana: wagombea husimama wakiutazama ukuta, wanachama hujipanga nyuma ya wamtakaye, na mgombea haruhusiwi kugeuka asije akamwekea mtu kinyongo. Mastura alisimama chumbani mwake nyuma ya dirisha lililofungwa, sikio kwenye ubao. Alisikia vicheko vingi mara moja, akajua ndoo imefika. Akasikia sauti ya Twalib ikipanda juu ya vicheko: "Jamani, asiyekuwepo na lake halipo!" Mtu akamjibu, akazomewa, akajibu tena. Halafu kukawa kimya. Kimya kile kilimtesa kuliko kelele. Alikwenda mlangoni, akarudi, akakaa, akasimama, akakunja nguo iliyokwisha kukunjwa.

"Tulia," alisema Bi Moza.

"Somo, nakuomba, neno hilo usinitajie leo."

Aliyeleta habari alikuwa Mwanaidi, mwenzake wa chungu kimoja chumvini, mwanamke wa swala tano na maneno machache. Alikuwa anahema.

"Ndoo imepata watu themanini na wanne. Twalib sitini na mmoja."

Mastura alimshika mabega.

"Ngoja. Twalib kakataa. Benjamini, katibu wa kata aliyekuja kusimamia, kacheka mpaka kakaa chini, lakini kasema ndoo haiwezi kutia sahihi fomu. Mwenye ndoo afike ndani ya nusu saa asimame mwenyewe, watu wahesabiwe upya. Asipofika, jina linakatwa."

"Basi nakwenda."

"Nimekuja kukwambia usende." Mwanaidi alishusha sauti. "Tumewaaibisha vya kutosha. Kila mtu kaona tuko wangapi. Ukitoka na nguo za eda mbele ya wanaume, wataacha kusema habari ya chumvi, watasema habari yako. Na wengine wetu, Mastura, wallahi sijui. Mimi mwenyewe sijui."

Mastura alimtazama rafiki yake, na moyo ulimuuma, kwa sababu Mwanaidi hakuwa anasema uongo. Alikuwa na hofu ya kila kitu: ya Mungu, ya midomo ya watu, ya kumdhalilisha Bakari kaburini. Na chini ya hofu zote hizo aliuona uwanda umechimbwa mabwawa, umewekewa mlinzi na mbwa. Aligeuka kwa Bi Moza.

"Somo?"

Bi Moza aliiweka tasbihi mkekani. Kisha aliinuka, magoti yakilia, akajivua shuka yake mwenyewe na kumfunika Mastura kichwani, akaikaza chini ya kidevu kwa ukali kidogo, kama anamfunga mtoto mtukutu.

"Jua liko juu. Kabla halijazama uwe ndani ya chumba hiki. Mengine utamjibu Mola wako, mimi sikuyaona."

Nje mwanga ulimpiga macho hadi yakatoa machozi. Njia ya nyumba tatu ilikuwa ndefu. Alisikia minong'ono ikimtangulia, na aliona haya, na papo hapo, astaghafirullahi, alifurahi. Upepo ulikuwa unampiga usoni. Alikuwa anatembea.

Watu walipomwona walimpisha. Benjamini aliinuka kwenye kiti na kusema kwa heshima, "Pole kwa msiba, mama." Twalib, ambaye alikuwa amesimama ukutani, uso ulimshuka. Haikuwa hasira. Alikuwa amefedheheka kwa niaba ya kaka yake. Mastura aliisogeza ndoo pembeni, akasimama palepale ilipokuwa, akautazama ukuta.

"Wanachama, jipangeni upya," alisema katibu.

Mastura aliutazama ukuta ulivyobanduka chokaa na kusikiliza miguu. Mgongo wake wote uligeuka sikio. Nyayo zilikuja, akamtambua Brigita kwa jinsi alivyokohoa kama anatangaza vita. Nyayo nyingine zikaja, akaanza kupumua. Halafu akasikia nyingine zikiondoka. Ziliondoka polepole, nyayo za watu wasiotaka kusikika, pamoja na mchakacho wa kanga aliouzoea kwa miaka kumi kando ya chungu cha chumvi. Alijua bila kugeuka kwamba ni Mwanaidi.

Basi ilikuwa hivyo. Nyuma ya ndoo walikuwa tayari kusimama, kwa sababu ndoo ilikuwa ya mjane mwema aliyefungiwa ndani. Mjane mwenyewe alipokuja na miguu yake, alikuwa mtu mwingine.

Benjamini alihesabu mara mbili. Hamsini na tisa kwa Mastura. Sitini na sita kwa Twalib. Wengine walikuwa wamekwenda kusimama kivulini, hawana upande.

Wanaume wakapiga makofi kiasi. Twalib alipeana mikono na katibu, akamwendea Mastura na kusimama hatua tatu kutoka kwake, macho chini.

"Shemeji, yamekwisha. Hakuna ubaya. Rudi ndani sasa, utulie."

Mastura alikuwa amekusudia kurudi. Alichotaka ni chumba chake, mlango na ukuta wa kuegemea. Lakini alipolisikia neno lile aligeuka, akauona uwanja wote kwa mara ya kwanza: Brigita mikono kiunoni, wanaume kando ya ghala, wanawake wa kivulini na Mwanaidi kati yao, kanga imefunika mdomo. Akaelewa kwamba kila kitu alichoogopa kupoteza asubuhi alikuwa amekwisha kukipoteza, na bado amesimama.

"Nimeshatoka, Twalib," alisema, na sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Eda yangu nitaijibu mimi. Wewe nijibu hili. Karatasi ya yule bwana wa kambamiti utaitia sahihi, au hutaitia?"

"Hayo ni mambo ya halmashauri, shemeji. Yana vikao vyake."

"Sikuulizi halmashauri. Nakuuliza wewe, hapa, jua likiwa juu. Utaitia, au hutaitia?"

Twalib alimtazama katibu. Katibu alikuwa ameanza kutafuta kitu mfukoni. Wanaume wawili walisema mkutano umefungwa, watu waende. Hakuna aliyekwenda. Kule kivulini mwanamke mmoja alishusha kanga mdomoni, akapiga hatua mbili hadi kwenye jua. Hakumtazama Mastura.

"Jibu, Twalib," alisema Mwanaidi. "Umeulizwa."