Mifereji Arobaini ya Nekoye

Saa nne asubuhi Nekoye alikuwa ameketi kwenye stuli nje ya chumba chao katika mtaa wa Nyalenda, laptopu mapajani, akitengeneza tovuti ya mradi wa maji. Hakupenda kuandika marefu. Alitumia lugha ya mkato ya watengenezaji tovuti: unaandika kitu mara moja, unaweka nyota na idadi, unabonyeza kitufe, na mashine inajiandikia yaliyobaki. Akaandika mfereji*40. Akabonyeza.

Mifereji arobaini ikatokea kwenye skrini, na mingine arobaini, ya chuma na koki zake, ikasimama kando ya njia, kutoka kanisani hadi kwa kinyozi.

"Nekoye, hii moja imefunga mlango yangu," jirani yao Benta akasema. "Isongeze kidogo."

Akaisongeza. Mama yake, Nakhungu, ambaye nyonga yake ilikuwa imeharibika kwa kubeba maji kutoka mfereji wa pekee wa mtaa, akachechemea na ndoo hadi ule mpya wa karibu. Akaufungua. Haukutoa hata tone. Nekoye alijua sababu: lugha ya mkato hutoa visanduku vitupu, na cha kuvijaza hutoka kwa mwenye kazi. Akajaribu kuandika maji mwenyewe. Tovuti ikakataa, ruhusa hiyo alikuwa nayo katibu wa mradi peke yake.

Akampigia simu katibu huyo. "Bwana Bildad, si mlisema mtaleta content ya kujaza visanduku?"

"Natuma sasa hivi."

Ikafika baada ya chakula cha mchana: picha ya maji yakimwagika, safi ajabu. Nekoye akaipakia. Mifereji yote ikakohoa, ikaanza kutema picha, nakala baada ya nakala, mpaka zikajaa njiani.

Hayo hayakumshtua. Kilichomwacha mdomo wazi ni Bildad, aliyefika na kamera, akaziangalia, akaridhika.

"Sasa iko sawa. Wamama, pangeni laini."

Wakapanga foleni. Nani angekataa, na orodha ya watakaopewa maji iko mfukoni mwa katibu? Nakhungu akajaza picha kwenye ndoo hadi juu, akajitwika.

Nekoye akamkimbilia. "Mama, hizo ni karatasi!" akapiga kelele.

"Naona," mama yake akajibu. "Shika hiyo ndoo ingine."

Bildad akawapiga picha wote wawili. Jioni nyonga ilimuuma Nakhungu vilevile, na chai hawakunywa.