Ndara za Wageni

Feridun alizisokomeza ndara za wageni ndani ya mashine ya kufulia, akafunga kifuniko, akabaki anajishangaa. Afisa mzima wa wizara ya mambo ya nje, miaka kumi na minne kazini, anaficha ndara nyumbani kwake Ankara kama mwizi wa kuku!

Angefanyaje? Jioni ile mkuu wake, Bwana Nejat, alikuwa anakuja kula, na wizara nzima ilijua maana yake. Nafasi ya Brussels ilikuwa wazi, na mzee yule hampeleki mtu Ulaya kabla hajamwona anavyoishi. Feridun ameingoja nafasi hiyo hadi mvi zimemtoka. Na Ulaya, alivyosikia, watu huingia na viatu mpaka sebuleni.

Mama yake, Bi Saniye, aliyekuja kutoka Kars kumpikia, alikuwa akipekua kabati la viatu. "Ndara ziko wapi?"

"Leo wageni wanaingia na viatu, mama."

"Juu ya zulia la bibi yako? Kwani wameota kwato?"

"Ndivyo wanavyofanya wastaarabu."

"Ahaa! Na sisi ni nani?"

Feridun alikaza tai yake. Asubuhi ile alikuwa ameandika hotuba mbili za waziri. Moja ilisema Uturuki ni Ulaya tangu zama za mababu. Ya pili, ya kusomwa Samarkand, ilisema sisi na watu wa Asia ni damu moja. Zote aliziamini alipoziandika. Wahenga wanakataza kuacha mbachao kwa msala upitao, lakini yeye hakujua tena mbachao ni upi na msala ni upi.

Kengele ikalia.

"Karibu, bwana mkubwa, usivue vi..."

Bwana Nejat alikuwa ameshavua. Alisimama kizingitini na soksi, kidole gumba kimechungulia nje, mguu mmoja ukipapasa sakafu ya baridi.

"Ndara hamna?" aliuliza polepole.

Nyumba isiyo na ndara za mgeni! Ni kama nyumba isiyo na mkate. Feridun alitazama chini, akaona kwamba mwenye viatu humo ndani ni yeye peke yake, tena juu ya zulia la bibi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Azitoe? Atasema zilikuwa zinafanya nini kwenye mashine?

"Kosa langu, mwanangu," Bi Saniye akamwambia mgeni. "Nimezifua zote leo. Uzee huu! Vaa zangu." Akavua ndara zake za sufu, akabaki anakanyaga vigae vya baridi. Kisha akainama, akavigeuza viatu vya mgeni vitazame ngazi za kushukia nje, ili akitoka atumbukize miguu tu na kwenda. Ndivyo mgeni anavyoheshimiwa.

Bwana Nejat akambusu mkono, akaugusisha kwenye paji la uso wake. Alikula sahani tatu, akacheka kama mtu aliyefika kwao. Feridun hakuonja kitu.

Wakati wa kuaga, mzee alimshika bega. "Brussels utakwenda wewe. Kule watakuuliza kila siku wewe ni nani."

"Niwajibu nini, bwana mkubwa?"

"Mimi niliulizwa miaka tisa. Usinitazame hivyo, sijui."

Feridun alirudi ndani mbio kumpa mama habari. Mashine ilikuwa inanguruma.

"Uliziona?"

"Nimemwambia mgeni nimezifua. Uongo siuwezi," alisema mama, aliyekwisha kusikia maneno ya mlangoni, bila kumtazama. "Hongera, mwanangu."

Neno hilo ndilo alilolingoja miaka yote, na sasa lilimuuma. Akavua viatu vyake hatimaye, akaviacha ovyo mlangoni, akaenda kunawa uso.

Aliporudi, mama alikuwa ameshaingia chumbani kulala. Viatu vya Feridun vilikuwa vimepangwa sawasawa pale mlangoni, vimegeuzwa, vinatazama ngazi.

Alichuchumaa mbele ya viatu hivyo, asijue kama avigeuze tena vitazame ndani.