Kipande Kinachochagua pa Kukaa

Hamu ya Emiliana ilikuwa moja tu: ahesabiwe mtoto nyumbani kwa baba yake, kijijini Buigiri. Mzee Matonya alimzaa kabla hajamwoa Dorkasi, na Emiliana akalelewa kwa mama yake, mbali. Mzee hakumkana hata siku moja. Ila kila alipokwenda alipewa kiti chenye mto, soda na paja la kuku, na ukarimu ule wa kupokea mgeni ulimkata maini. Nani asafiri na jua la Dodoma kufuata soda?

Jumamosi hiyo alikwenda tena, akitokea mjini kwenye maabara anakochunguza bakteria. Dorkasi alikuwa jikoni akisonga ugali wa uwele.

"Hivi mwanangu," baba akauliza, "kazi yenyewe hasa ni nini?"

Emiliana akaeleza. Ndani ya bakteria mna vipande vya DNA vinavyohama. Vinachomoka hapa, vinajichomeka pale. Vingi havina simile, vinatua popote, hata katikati ya jeni, na jeni muhimu ikikatika bakteria hufa. Ila hiki anachokichunguza yeye kinachagua. Kina protini inayotambua mwisho wa jeni moja ambayo bakteria hao hawaikosi. Protini ikishaishika jeni, kipande hakiingii humo. Kinajichomeka nje kidogo, pale jeni inapokwisha.

"Kwa hiyo hakivunji kitu?"

"Hakivunji, baba. Na bakteria akigawanyika, watoto wote wanakirithi."

"Kina adabu hicho," mzee akasema.

Emiliana akatazama pembeni. Adabu alikuwa nayo miaka yote, akikaa nje kidogo ya kila jambo la nyumba hii ili asimkwaze mtu. Kipande kile kinatulia hapo, basi. Yeye hakutulia, na alijionea haya kwa kutaka zaidi.

Akainuka. Akaingia jikoni bila kuitwa, jambo ambalo mgeni hafanyi, akaupokea mwiko mkononi mwa Dorkasi. Dorkasi akamwachia. Emiliana akamimina unga wote kwa mpigo, na ugali ukafanya mabonge.

"We Emiliana!" Dorkasi akafoka. "Jitu zima unaniharibia unga? Hebu sogea huko! Chota maji, halafu uje utwange karanga, na usitoke humu mpaka nikwambie!"

Hakuna aliyewahi kumgombeza katika nyumba ile. Emiliana akainamia ndoo, akachota maji taratibu huku machozi yakimtoka, akitamani agombezwe tena.