Nipokelee Hiyo Simu

Bisi za sukari hazitaki mvivu. Ukishamwaga sukari juu ya mahindi na mafuta ya moto, unafunika, unashika sufuria kwa vitambaa viwili na kuitikisa bila kupumzika. Ukizembea, sukari inashika chini na nyumba nzima inanuka kuungua. Ijumaa hiyo zamu ya kutikisa ilikuwa ya rafiki yangu wa chuo. Tuliitana pacha, maana miaka yote tulilala chumba kimoja na kuazimana nguo.

"Pacha, punguza moto," alisema. Tulikuwa jikoni kwetu, mama yuko sebuleni anakunja nguo.

Nilikuwa nimeanza kujituliza. Maktaba mpya ya watoto ilikuwa inatafuta mtu mmoja, na tangu tumalize chuo sikuwa na ndoto nyingine. Pacha ndiye aliyekwenda kuniulizia, kwa kuwa anakaa karibu nayo. Alirudi ananionea huruma: wanataka mwenye uzoefu wa miaka mitatu, hata usijisumbue. Sikupeleka maombi.

Punje za kwanza zilianza kupiga mfuniko. Simu yake ikaita mezani.

"Nipokelee hiyo simu, sukari itashika! Atakuwa kaka, kila wiki ana namba mpya. Mwambie nimekufa."

Nikacheka, nikaweka spika.

"Hongera, binti," ilisema sauti ya mama mtu mzima. "Napiga kutoka maktaba ya watoto. Unaanza Jumatatu. Tumependa sana wazo lako la kuweka vitabu vyote rafu za chini, mtoto achague mwenyewe. Ulilitoa wapi?"

Lilitoka kwangu. Nilimweleza pacha siku moja tukifua, mikono imejaa povu, akaniambia nina kichaa kizuri.

"Ana kazi kidogo jikoni, mama," nilijibu. "Nitamfikishia."

Bisi zilikuwa zimekwisha kupasuka. Yeye bado anatikisa tu, macho kwenye mfuniko.

"Miaka mitatu," nikasema. "Wewe unayo?"

"Pacha, nafasi ilikuwa moja."

"Najua. Tungekwenda wote. Ningeshindwa, ningekupongeza."

"Ungeshinda," alisema polepole. "Ndiyo maana."

Akazima jiko, akachukua simu na mkoba, akatokea mlango wa nyuma.

Mama akaingia. "Mbona mwenzio kaondoka hata hajaonja?"

"Amepata kazi. Kule maktaba."

"Weee!" Mama akapiga makofi. "Sasa si atakuvuta na wewe? Mtu wako huyo!" Akachota bisi, akazipuliza, akatafuna. "Tamu kweli. Mfungie kidogo, ukampongeze."

Nikachukua mfuko na kuanza kuzitia, moja moja, nikiwa nimempa mama mgongo, ili asinione uso.